Mambo ya Nyumbani Tu

Kuna watu wana kipaji cha kusimulia mpaka baraza zima linanyamaza. Mtu wa namna hiyo akikueleza gari lilivyowaharibikia Mariakani usiku wa manane, utaisikia injini ikikohoa, utamwona utingo amejilaza chini ya lori na tochi mdomoni, na utajua nani siku hiyo alitia mkono na nani alitia maneno. Sasa mpe kalamu na karatasi, mwambie akiandike kisa kile kile. Atakuandikia kwamba safari ni hatua, kwamba waliondoka alfajiri na mapema kabla ya jogoo kuwika, kwamba njiani walipigwa na butwaa, na kwamba hatimaye walifika salama salimini wakamshukuru Mola. Lori halimo tena. Utingo na tochi yake hawamo. Yeye mwenyewe, aliyekuwa pale akitokwa jasho na kusukuma, hayumo pia.

Huenda wapi mtu huyu anaposhika kalamu? Swali hili limenikaa kichwani kwa miaka mingi ya kusoma miswada ya watu wanaoanza kuandika. Sijaona hata mmoja asiye na la kusema. Ninachokiona ni watu wasioamini kwamba waliyoyaona kwa macho yao yanatosha, kwa hiyo wanayafunika kwa maneno ambayo tayari yana heshima zake mjini. Kutojiamini kwa mwandishi mchanga ni kugumu kukutambua kwa sababu kunakuja kumevaa ufasaha. Karatasi imejaa misemo, methali na tashbihi, imepangika vizuri, na ndani yake hakuna mtu.

Aliyesoma shule ya msingi Kenya anajua mazoea haya yalikoanzia. Tangu mtihani wa KCPE ulipoanza mwaka 1985 hadi ulipofanywa mara ya mwisho mwaka 2023, mtoto wa darasa la nane alipewa dakika 40 kuandika insha iliyosahihishwa juu ya alama 40. Kwa ajili ya dakika hizo watoto waliweka daftari maalumu la misemo. Humo mliandikwa namna ya kuamka, namna ya kushtuka, namna ya kulia na namna ya kushukuru, kila hali na maneno yake. Mtoto wa Eastleigh ambaye hajawahi kusikia kuku yeyote mtaani kwao alirauka kabla ya jogoo, na mwenzake wa Tudor pia, na wa Kakamega vilevile. Mwalimu aliyekuwa na rundo la madaftari mbele yake aliona msamiati, akaona tamathali, akatoa alama.

Sidharau daftari lile. Limewapa watoto wengi maneno ambayo nyumbani wasingeyapata, na Kiswahili kina hazina ya misemo ambayo ni hasara kuiacha ikafa. Shida yangu iko katika somo la pili lililojificha ndani ya lile la kwanza. Mtoto aliyeamshwa na mamake kwa kuvutwa shuka alijifunza kwamba asubuhi yake haina alama. Asubuhi yenye alama ni ile iliyoandikwa daftarini. Mtihani ulipita, cheti kikapatikana, kazi ikapatikana au ikakosekana, lakini somo lile likabaki. Miaka ishirini baadaye, mtu mzima mwenye watoto wake anakaa kuandika habari za msiba uliomvunja, na kalamu inakimbilia daftari la darasa la nane.

Dawa inayotolewa siku hizi ni nyepesi: tupa kanuni zote, andika kutoka moyoni, kuwa wewe. Nimeona dawa hii ikitolewa, na nimeona wagonjwa wakizidiwa. Mtu aliyezoea kujificha nyuma ya misemo, ukimnyang'anya misemo yote kwa siku moja na kumwambia ajimwage, atafanya mojawapo ya mambo mawili. Atakaa kimya, au atajaza ukurasa kwa maneno makubwa yasiyo na mwenyewe: uchungu, upweke, mapenzi, giza. Hayo nayo ni ya daftari, ila daftari jipya. Waandishi wetu wa zamani walikuwa na njia nyingine, na nadhani walikuwa wametangulia kuelewa jambo ambalo sisi tunalitafuta. Waliazima umbo bila haya. Jicho hawakuazima kwa mtu.

Mchukue Mwana Kupona binti Msham. Mwaka 1858 alikuwa mjane wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu, naye mwenyewe mgonjwa, ana binti ambaye hajui atamwacha na nani. Akamwita mwanawe asogee karibu, akamwagiza wino na karatasi, akaanza kumpa wasia. Bahari aliyoitumia ilikuwa ya utenzi, ambayo watu wa Pate, Siyu na Lamu waliisikia tangu utotoni: mishororo mifupi, mitatu ya kwanza ya kila ubeti ikifuatana kwa kina, wa nne ukishika kina kimoja kutoka mwanzo wa utenzi hadi mwisho. Umbo hilo lilikuwa limekwisha kubeba vita vya Mtume na habari za mashujaa. Yeye akaliingiza chumbani kwake. Akasema namna ya kumwacha mume alale bila kumsumbua, namna ya kumkanda, namna ya kumfukizia udi. Katikati ya nasaha hizo akamkumbuka marehemu mumewe na walivyoishi kwa kuridhiana mpaka mauti yakawatenga.

Msomaji wa leo ana haki ya kubishana na mawazo yake juu ya utiifu wa mke, na ubishi huo unaendelea vyuoni. Mimi nataka kuangalia mwisho wa utenzi. Anajieleza kuwa ni mpweke na mwenye dhambi nyingi, unyenyekevu ambao mila ilimtaka auonyeshe, halafu anajitaja: jina lake, jina la babake, Pate alikozaliwa, na mwaka wa kutunga. Ametimiza adabu yote na bado ametia sahihi. Nani alimpa ujasiri huo? Kanuni za utenzi zilimpa mahali pa kusimama, kwa sababu hakuhitaji kubuni namna ya kusema na jambo la kusema kwa wakati mmoja. Na Mwana Hashima, binti yule aliyeketi mbele yake, alimpa sababu. Ni vigumu kuwa na haya ya kuandika unapojua hasa nani anayekungoja umalize.

Haikupita karne moja, karani mmoja wa serikali ya kikoloni huko Tanganyika akaifuata njia ile ile. Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani, Tanga, mwaka 1909, alifiwa na mkewe Amina akabaki na watoto. Alimtungia bintiye Mwanjaa utenzi wa Hati, na mwanawe Suleiman utenzi wa Adili. Tumezoea kumwita baba wa fasihi ya Kiswahili mpaka tumesahau kwamba mengi aliyoyaandika yalianza yakiwa na anwani ya mtu mmoja. Barua alizomwandikia mdogo wake Yusuf Ulenge kuanzia 1931 hadi 1958, zilizochapishwa kitabuni mwaka 2002, zinamwonyesha yule yule, mtu anayejizoeza kusema sawasawa kwa kumwambia ndugu yake. Anayeogopa umma na aanze na ndugu. Umma utakuja, na ukija utakuta sauti imekwisha kukomaa.

Kisha kuna wale ambao hata ndugu walinyimwa. Abdilatif Abdalla wa Mombasa alikuwa na umri wa miaka 22 alipohukumiwa kwenda jela kwa sababu ya kijikaratasi alichokiandika kuuliza Kenya inakwenda wapi. Kuanzia 1969 hadi 1972 alikuwa kifungoni, na huko alitunga akiandika kwa siri kwenye karatasi za chooni. Mashairi hayo ndiyo yaliyotoka mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki, na mwaka 1974 yakapata Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta, tuzo yenye jina la rais ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga. Mtu angedhani kwamba mfungwa aliye peke yake seli hana haja ya vina. Nani atamkosoa? Lakini yeye alishika vina na mizani barabara, tena kwa Kimvita cha kwao. Nadhani pale ambapo kila kitu kinapangwa na askari, saa ya kula, saa ya kulala, saa ya kuona jua, mizani unayoihesabu mwenyewe ni mahali pa pekee ambapo amri ni yako. Na shairi lenye mizani hukaa kichwani hata karatasi ikikamatwa.

Habari za watu wakubwa zina hatari ya kumtisha anayeanza, kwa hiyo na tushuke mpaka ukurasa wa mashairi gazetini. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza kutoka Dar es Salaam mwaka 1923, lilichapisha mashairi ya wasomaji, na magazeti ya Kiswahili yaliyolifuata yakaendeleza desturi hiyo. Walioandika humo walikuwa makarani, walimu, wakulima, askari, wapishi. Yaangalie mashairi hayo yalivyojengwa. Ubeti wa kwanza mara nyingi unamwomba mhariri nafasi, kwa adabu na kwa kujishusha. Ubeti wa mwisho unaaga, na chini yake pana jina la mtunzi au lakabu yake, sanduku la posta na mji. Katikati ya hodi na kwaheri, mtu yule yule aliyeomba nafasi kwa unyonge anamkemea mwenye duka anayepunja, anamhoji mkubwa wa wilaya, anaeleza jinsi mapenzi yalivyomkondesha. Toleo linalofuata anajibiwa na mtu wa mkoa mwingine asiyemjua, kwa vina vile vile.

Sijui shule ya kujiamini iliyokuwa rahisi kuliko hiyo. Aliyekuwa na haya alipewa njia ya kubisha hodi. Aliyeogopa kutajwa alijitungia lakabu, kama Amiri Sudi Andanenga alivyojulikana kwa Sauti ya Kiza. Asiye na cheti hakuulizwa cheti. Haji Gora Haji wa Tumbatu, aliyezaliwa mwaka 1933, alipita katika uvuvi, ubaharia na upagazi, na diwani yake Kimbunga, iliyotoka mwaka 1994, imesomwa na maprofesa. Bahari aliijua kwa mikono yake, na vina alivijua kwa masikio, akaviunganisha.

Lakini umbo la kuazima nalo lina siku yake ya kubana. Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe ambaye lugha yake ya kwanza ilikuwa Kikerewe, alitoa Kichomi mwaka 1974 bila vina wala mizani ya jadi, na kelele zikawa nyingi. Waliomshutumu walisema kwamba lile si shairi. Wengine waliona kwamba mtu wa bara ameingia nyumba ya watu na kuvunja milango. Mjadala ule umeandikwa sana na sina haja ya kuuanzisha upya. Nakumbusha tu kwamba mtu huyo alikuwa amekwisha kuwasha moto miaka mitatu nyuma kwa riwaya ya Rosa Mistika, ambayo kwa muda ilizuiwa shuleni, na kwamba aliijua vizuri jadi aliyokuwa anaiacha. Aliiacha kwa sababu alilotaka kulisema halikuingia humo. Uhuru wa namna hii una uzito kwa kuwa una sababu. Kijana anayekataa vina kwa kuwa hajawahi kujaribu kuvipata, na mzee anayeshika vina kwa kuwa hajawahi kuwa na la kusema nje yake, wote wawili wangefaidika kukaa naye jioni moja.

Kelele zile ziligusa kidonda ambacho bado kipo. Kiswahili chetu sanifu kilisimikwa juu ya Kiunguja baada ya mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928, na tangu hapo kila mtu ana sababu yake ya kukiogopa. Wa bara anaogopa kwamba watu watasikia lafudhi ya kwao hata kwenye maandishi. Wa pwani, ambaye lugha ni ya bibi yake, anaogopa kalamu nyekundu, kwa sababu shuleni maneno ya bibi yake yalikatwa kama makosa. Katika kikao chetu cha uandishi hapa Mombasa nimewaona wote wawili wameketi benchi moja, kila mmoja akiamini kwamba Kiswahili kizuri ni cha mwenzake.

Kikao hicho kinakutana Jumamosi alasiri katika darasa la kuazima. Wapo dereva wa tuktuk, mwalimu mstaafu, vijana wawili watatu waliomaliza fomu foo, na mama mmoja fundi wa nguo. Siku moja tulikubaliana kila mtu aandike juu ya mzazi wake. Fundi alisoma alichoandika: mamake alikuwa nguzo ya familia, mwenye subira na upendo usio kifani, aliyewalea kwa jasho lake. Watu wakaitikia kwa heshima, maana ni kweli, na maana marehemu ni marehemu. Nikamuuliza mamake alikuwa akifanya kazi gani.

"Fundi vilevile. Mimi nimeirithi cherehani yake."

"Akishona, dada, nyinyi watoto mlikuwa wapi?"

"Hapo hapo chini ya meza, twaokota vipande." Akaanza kucheka. "Lakini Januari hatusemi naye. Januari ni sare za shule, na yeye ana pini mdomoni toka asubuhi. Akitaka kutugombeza anaguna. Kuna mguno wa kuitwa, kuna mguno wa kunyamaza, kuna mguno wa mkono wako utakatika na mkasi. Yote twaijua."

Nikamwambia aandike hayo. Akanitazama kama anayetafuta wapi mzaha uko.

"Hayo si ya kuandikwa, mwalimu. Hayo ni mambo ya nyumbani tu."

Aliyaandika, baada ya kubembelezwa na wenzake zaidi kuliko mimi. Ukurasa aliouleta ulianza na mguno. Ulikuwa na wazazi wamejazana barazani wakidai sare ambazo walileta kitambaa jana, na futi shingoni mwa mama, na mtoto mdogo anayejifunza maana ya kila mguno kabla hajajua kusoma. Kisha shule zinafunguliwa, sare ya mwisho inatoka mlangoni, mama anazitoa pini mdomoni moja moja na kuzitia katika kopo la maziwa ya unga, anajipangusa midomo, na neno lake la kwanza kwa wanawe baada ya majuma yote yale ni: "Mmekula?"

Hakuna palipoandikwa kwamba mama alikuwa na upendo usio kifani.

Aliposoma, sauti ilikuwa chini, na mara mbili alitaka kuacha katikati. Alipomaliza hapakuwa na makofi. Mwalimu mstaafu, mtu asiyesifu ovyo, aliinua uso akauliza: "Na je, hakuwa akijidunga?" Fundi akajibu bila kutazama karatasi, na alijibu kwa kirefu, akionyesha kwa kidole mahali kwenye mdomo wa chini palipokuwa na kovu. Dereva naye akauliza bei ya sare wakati ule. Kijana mmoja akataka kujua kama baba alikuwepo. Nilimtazama fundi akigeuka huku na huku kuwajibu, na bega lililokuwa limejikunja wakati wa kusoma lilikuwa limekaa sawa.

Tunadhani mwandishi mchanga anahitaji kusifiwa. Sifa ni tamu, lakini sifa za "hongera, umeandika vizuri" huisha kabla mtu hajafika kwake, tena humwacha na hofu kwamba mara ya pili hatafanikiwa. Swali hukaa. Mtu akikuuliza kama mamako alijidunga, maana yake amemwona mamako. Umeweza kumtoa mtu kaburini ukamweka mbele ya watu wasiomjua, nao wakataka kumjua zaidi. Baada ya hapo hakuna haja ya kuambiwa ujiamini, kwa kuwa umekwisha kuona kwa macho yako kwamba jambo lako lina mlaji. Ndiyo maana katika kikao chetu sasa tunakataza kusifu kabla ya kuuliza. Wageni huona ni sheria ya kikatili, mpaka zamu yao ya kuulizwa ifike.

Kuna jambo ambalo haya yote hayajaligusa, nalo ni stara. Kwetu pwani, na si pwani pekee, ya ndani hayatolewi nje. Mtoto anafunzwa mapema kwamba siri ya nyumba ni heshima ya nyumba. Mtu anayeogopa kuandika juu ya ndoa iliyomuumiza au mjomba aliyemdhulumu si mwoga. Anawalinda watu, na pengine anajilinda mwenyewe, kwa sababu mji ni mdogo na maneno yana miguu. Kumwambia mtu huyo "sema ukweli wako" bila kumwonyesha njia ni kumtuma uwanjani bila nguo.

Njia zipo, na lugha hii imezifanyia kazi kwa muda mrefu. Wanawake wa pwani wamesemezana kwa maandishi ya kanga kwa vizazi, na aliyekusudiwa amejua bila jina kutajwa. Taarabu imeishi kwa mafumbo. Abdilatif alipotaka kumsema mtawala alimtunga mamba, na mamba akaeleweka. Hadithi ya kubuni inatoa fumbo lililo wazi kuliko yote: unabadilisha "mimi" kuwa "yeye". Nimemwona kijana aliyeshindwa kuandika sentensi moja juu ya nafsi yake akajaza kurasa alipompa mhusika jina jingine, mji mwingine na kazi nyingine. Msomaji hakujua mpaka wa kweli na wa kubuni uko wapi. Kijana alijua, na kwake ilitosha. Wapo wanaosema huko ni kujificha. Mimi naona ni kuchagua mahali pa kusimama ili uweze kuona, na wakati mwingine kutoka hapo ndipo mtu anapojiona kwa haki, pamoja na makosa yake, kwa kuwa "yeye" hana mtetezi wa damu.

Wanasaikolojia nao wamelipitia jambo hili kwa njia zao. Mwaka 1986 James Pennebaker na Sandra Beall walichapisha matokeo ya jaribio walilowafanyia wanafunzi wa chuo kikuu Marekani. Waliwataka waandike dakika 15 kwa siku, siku nne mfululizo, wengine juu ya mambo ya kawaida, wengine juu ya yaliyowaumiza maishani. Waliojieleza juu ya tukio pamoja na hisia zake waliondoka wakiwa na huzuni zaidi siku zile, lakini miezi iliyofuata walikwenda zahanati ya chuo mara chache zaidi kuliko wenzao. Majaribio mengi yamefuata tangu hapo, na faida iliyoonekana kwa jumla ni ndogo na haimpati kila mtu. Kalamu haichukui nafasi ya daktari wala ya mtu wa kukusikiliza. Nililolipenda katika jaribio lile ni kwamba tukio na hisia vilipaswa kwenda pamoja. Aliyetaja uchungu bila kusema nini kilitokea, au aliyetaja kilichotokea kana kwamba kilimpata jirani, alikuwa amefanya nusu ya kazi. Fundi wetu angewaambia hivyo bila maabara: pini peke yake ni chuma, na upendo peke yake ni neno la daftari.

Ukiniuliza basi nitamjuaje mtu aliyekwisha kupata sauti yake, sitakwambia utazame wingi wa maandishi yake, wala kama anasimama wima jukwaani. Tazama anavyofuta. Asiyejiamini hawezi kuukata mstari wake mzuri. Aliuazima kwa shida, na anahofia kwamba ukienda hautakuja mwingine. Aliyeanza kuandika kutokana na alichokiona mwenyewe hufuta bila huruma, kwa kuwa alikokitoa anakujua na anaweza kurudi kuchukua kingine. Mtu huyo ukimwambia kwamba ukurasa wa pili umelegea, hanuni. Anauliza umelegea wapi.

Na tabia hiyo haibaki kwenye karatasi. Tunaishi katika nchi ambazo watu wa kawaida husemewa mno: mwanasiasa anasema wananchi wanataka hili, mtafiti anasema akina mama wanahitaji lile, tangazo linasema vijana wanapenda vile. Aliyezoea kukaa na jambo dogo la kwake, akalitafutia maneno mpaka likakaa sawa, halafu akajibu maswali ya watu juu yake, anakuwa mgumu kusemewa. Mkutanoni atanyosha mkono. Atasema kwamba hapo umekosea, mimi nilikuwepo, na haikuwa hivyo. Halafu ataeleza ilivyokuwa, kwa mpangilio, bila methali ya kufungulia.